Kanisa la Kibaptisti na mtaa wake: mwongozo kamili wa kuanzisha huduma kwa jamii na kuifanya idumu

Huduma nyingi za makanisa kwa jamii hufa siku aliyezianzisha anapohama, anapougua au anapokosana na mweka hazina. Nimekuwa shemasi kwa miaka mingi. Nimeshazika huduma tatu za namna hiyo, na mbili kati yake nilizianzisha mimi mwenyewe.

Kwa kanisa la Kibaptisti jambo hili lina sababu yake. Hatuna askofu wa kutuletea waraka, wala makao makuu ya kumtuma mtu ashike pale mwenzake alipoachia. Kanisa la mahali ndilo lenye neno la mwisho juu ya mambo yake: linamwita mchungaji wake, linachagua mashemasi wake, linapanga bajeti yake, na yote hayo huamuliwa katika mkutano wa washirika. Shirikisho la makanisa linaweza kushauri na kusaidia, lakini haliamuru. Basi huduma ambayo washirika hawakuipigia kura, na hawaioni kuwa yao, haina mwenyewe. Mwongozo huu umesimama juu ya hilo. Hatua ni nane, na ya nne usiiruke hata ukiwa na haraka kiasi gani.

Hatua ya 1: Jua una watu gani

Anza na rejesta ya washirika. Katika makanisa mengi ni daftari la siku nyingi lenye majina ya waliohama, waliofariki, na walioacha kuja bila mtu kuuliza kulikoni. Wakae watu watatu: katibu, shemasi mmoja, na yule mama anayejua habari za kila nyumba (kila kanisa linaye). Wapitie jina moja moja. Kazi hii huchukua jioni mbili au tatu, na mara nyingi huduma ya kwanza hupatikana humo humo: mnagundua mzee ambaye hajaonekana miezi minne na hakuna aliyemtembelea. Mtembeleeni kabla ya kuhangaika na mtaa mzima. Majirani huangalia kwanza mnavyowatendea wenzenu.

Tofautisheni mshirika na mhudhuriaji. Mshirika ni mtu aliyemwamini Kristo, akabatizwa kwa kuzamishwa majini kwa kukiri imani yake mwenyewe, akapokelewa na kanisa na kuahidi kuishi kwa agano lake. Mhudhuriaji anaweza kuhudumu karibu kila mahali, na wengine hufanya kazi kuliko wenyeji. Ila kura, funguo na fedha vibaki mikononi mwa washirika, kwa sababu wao ndio watakaoulizwa.

Pembeni mwa kila jina andikeni mambo mawili tu: anajua kufanya nini, na ana saa ngapi kwa juma. La pili lina thamani zaidi. Nimeliona kanisa lenye madaktari wawili likishindwa kufungua chumba cha ushauri wa afya kwa kuwa wote wawili hawakuwa na hata Jumamosi moja, huku dereva mstaafu mwenye siku tano wazi akikaa kiti cha nyuma bila kuulizwa chochote.

Kisha chukueni karatasi kubwa mchore juma zima la kanisa: ibada, shule ya Jumapili, maombi ya katikati ya juma, mazoezi ya kwaya, umoja wa akina mama, vijana, vikundi vya nyumbani. Chini ya kila kipindi andikeni majina ya wanaokiendesha. Mkikuta watu kumi wale wale kila mahali, msiongeze huduma mpya kabla ya kupunguza kitu. Hili halipendwi na mtu. Kwaya ina watetezi wengi kuliko wajane.

Hatua ya 2: Tembea, uliza, andika

Sisi tuliwahi kufungua darasa la watu wazima la kusoma na kuandika. Wazo lilitoka kwenye kamati, wote tukalipenda. Tukanunua madaftari arobaini, ubao na kalamu. Siku ya kwanza walikuja watu wawili, mmoja wao mkwe wa mwenyekiti wa kamati. Miezi miwili baadaye ndipo tulipojua kwamba mwendo wa dakika kumi kutoka kanisani kulikuwa na darasa kama hilo, la mwalimu mstaafu, linaloendelea vizuri tu. Shida ya akina mama waliosoma humo ilikuwa watoto wadogo: hawakuwa na wa kuwaangalia. Tulichotakiwa kupeleka ni mkeka na watu wawili wenye subira.

Tengeni Jumamosi nne. Watu waende wawili wawili, ikiwezekana mwanamume na mwanamke, kila jozi na daftari moja. Wajitambulishe wazi kwamba wametoka kanisani. Katika mzunguko huu wasibebe vipeperushi wala wasialike mtu ibadani isipokuwa akiuliza mwenyewe. Mwenye nyumba akishaona mmekuja kuuza kitu, hata kama ni wokovu wa bure, atawaambia mnachotaka kusikia.

Maswali matatu yanatosha:

– Hapa mtaani, ni jambo gani linalowakosesha usingizi?
– Nani tayari anajaribu kulishughulikia?
– Mara ya mwisho mlipopatwa na shida usiku, mlimgongea nani mlango?

La tatu ndilo linalofungua mazungumzo. Majina yanayorudiwa katika majibu yake ndio wahudumu halisi wa mtaa, wawe wa dini yoyote, na ndio mtakaofanya kazi nao.

Andikeni maneno kama yalivyosemwa. Mama akisema, “Watoto wangu wanatoka shule mchana, mimi narudi giza limeingia,” andikeni hivyo hivyo. Msiandike “ukosefu wa malezi”. Sentensi ya kwanza inawaambia huduma iwe saa ngapi. Ya pili inawafaa watu wa semina.

Pamoja na nyumba, nendeni kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu, kwa muuguzi wa zahanati, kwa viongozi wa mtaa na kwa viongozi wa dini walio jirani nanyi. Ulizeni pia sheria zinadai nini: shughuli za watoto, za chakula na za afya zina vibali vyake kila mahali, na ni aibu kwa kanisa kufungiwa mlango na afisa aliyekuwa na haki.

Hatua ya 3: Chagueni jambo moja

Mtarudi na mahitaji thelathini. Chagueni moja. Kanisa la washirika mia moja likibeba mambo mawili kwa uaminifu limejitahidi sana.

Kipimo changu ni hiki: shida iwe imetajwa na wengi bila kuulizwa, isiwe na mtu mwingine anayeishughulikia vizuri, na sehemu kubwa ya kinachohitajika iwe tayari mikononi mwenu. Hiki cha mwisho hupuuzwa. Wabaptisti wa Hamburg, Ujerumani, wanatufundisha. Kanisa lao lilianza mwaka 1834, Johann Gerhard Oncken na wenzake sita walipobatizwa usiku katika mto Elbe. Serikali ya mji iliwachukia; mwaka 1840 Oncken aliwekwa gerezani. Mwezi Mei 1842 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya mji na kuwaacha maelfu bila makazi. Wabaptisti, ambao ndio kwanza walikuwa wamepata jengo kubwa la kukusanyikia, walilifungua wakawapokea waliounguliwa na nyumba, wakawahifadhi kwa miezi kadhaa. Baada ya hapo mkono wa serikali juu yao ulilegea. Hawakuwa na mradi wala mfadhili. Walikuwa na ghorofa zenye nafasi, na watu waliolala nje.

Ninyi mna nini? Mara nyingi ni ukumbi unaokaa mtupu siku tano kwa juma, viti, maji, choo, jiko la kanisa, na watu wanaojuana. Huduma za kwanza zinazotokana na hayo ni za kawaida kabisa: mahali pa watoto kufanyia kazi za shule, kutembelea wagonjwa na wazee, chumba cha kungojea kwa ndugu wa waliolazwa, kikundi cha waliofiwa, ghala dogo la vyakula vikavu, kuwatembelea wafungwa.

Jihadharini na mifano mikubwa mno. Watu hupenda kumtaja Charles Spurgeon wa London na nyumba yake ya yatima ya Stockwell, iliyoanzishwa mwaka 1867. Ni kweli ilikuwa kazi njema, na ilikuwa na busara ya kuwalea watoto katika nyumba ndogo ndogo badala ya bweni moja kubwa. Lakini ilianza kwa zawadi ya pauni 20,000 kutoka kwa mjane mmoja, nyuma yake kukiwa na kanisa la maelfu ya watu. Kanisa lenu likitaka kujenga nyumba ya yatima mwaka wa kwanza, naomba mrudie hatua ya kwanza.

Hatua ya 4: Pelekeni jambo kwenye mkutano wa washirika

Hapa ndipo huduma inapozaliwa au kuharibika. Mchungaji anayetangaza huduma mpya kutoka mimbarini bila mkutano anajipatia makofi ya siku moja. Kamati inayokuja mkutanoni na jambo lililokwisha kuamuliwa inapata kura, maana watu wetu hawapendi kugombana mbele ya mchungaji, lakini haipati mikono siku ya kazi.

Wiki mbili kabla ya mkutano gaweni karatasi moja, ukurasa mmoja, yenye majibu ya mambo sita. Tunataka kufanya nini, na kwa nani? Tumesikia nini mtaani? (Nukuuni maneno matatu manne kutoka kwenye madaftari.) Nani ataongoza, na nani atamsaidia? Itagharimu kiasi gani, na fedha itoke fungu gani? Itaanza lini, na itapimwa lini? Tutajuaje kwamba imeshindikana? Hili la sita huwashangaza watu, lakini ndilo linalowapa moyo wenye mashaka: wanaona mlango wa kutokea.

Katikati ya wiki hizo mbili nendeni mkaongee na wawili watatu mnaojua watapinga. Msiende kuwashawishi. Waulizeni wanaona hatari gani, kisha rekebisheni karatasi. Katika kanisa letu mpinzani wetu wa kudumu alikuwa mzee mmoja fundi seremala, mkali wa maneno. Tulipomwendea nyumbani kuhusu mpango wa watoto wa shule alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja: “Nani atafunga madirisha?” Tulidhani anatudharau. Kumbe miaka ya nyuma ukumbi uliachwa wazi baada ya semina ya vijana, mvua ikaingia ikaharibu mabenchi aliyoyatengeneza kwa mikono yake, na hakuna aliyemwomba radhi. Tulimwomba radhi siku hiyo. Mkutanoni yeye ndiye aliyeunga mkono hoja, na akajitwika kazi ya kufunga madirisha.

Siku yenyewe, mwenyekiti wa mkutano ahakikishe kwanza akidi (idadi ya chini ya washirika wanaotakiwa kuwapo) imetimia kama katiba ya kanisa inavyosema, na notisi ilitolewa kwa wakati. Asomaye hoja awe mtu mwingine, si mchungaji. Maswali yaje kabla ya maoni. Wapeni nafasi wasiosema: vijana, akina mama wa nyuma, mshirika mpya. Kama jambo ni zito, pigeni kura ya siri. Mikono huinuka kwa kutazamana.

Matokeo yakitoka 31 kwa 27, hoja imepita kwa kanuni lakini huduma bado. Ahirisheni. Ombeni, rekebisheni, rudini baada ya mwezi. Sijawahi kuona kanisa likijuta kwa kungoja mwezi mmoja, na nimeona makanisa yaliyogawanyika kwa kura za namna hiyo.

Chagueni kamati humo humo mkutanoni, mkifuata Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, manung'uniko yakatokea, na mitume hawakuteua watu wao. Waliita jamii yote ya wanafunzi wachague. Angalieni majina saba yaliyochaguliwa, kuanzia Stefano hadi Nikolao: yote ni ya Kiyunani. Yaelekea mfuko ulikabidhiwa kwa upande uliokuwa umelalamika. Basi katika kamati yenu ya watu watano au sita, angalau mmoja awe mtu anayeijua shida yenyewe kwa kuipitia. Kama huduma ni ya wajane, mjane awemo, na asiwe wa kuandaa viti tu.

Katibu aandike kumbukumbu siku hiyo hiyo: maneno ya hoja, idadi ya kura, majina ya kamati, tarehe ya tathmini. Karatasi hiyo ndiyo itakayoibeba huduma ninyi mkishaondoka.

Hatua ya 5: Fedha

Iwekeni huduma kwenye bajeti ya kanisa, hata kwa kiasi kidogo. Michango ya dharura kila Jumapili ya mwisho wa mwezi inachosha watu na kuwafanya wahudumu waonekane ombaomba. Akaunti iwe ya jina la kanisa, yenye watia saini wawili wasio wa nyumba moja. Sadaka ihesabiwe na watu watatu mahali pamoja, watie saini kabla ya kutoka. Risiti zote zikae kwenye bahasha moja kwa kila mwezi. Taarifa isomwe kila robo mwaka kwa tarakimu, na yeyote mshirika awe na haki ya kuona vitabu.

Mkiwa na mfuko wa rehema kwa wenye dharura, andikeni kanuni zake mapema: kiwango cha juu kwa mtu mmoja, mara ngapi kwa mwaka, nani anaamua. Wawe wawili au watatu, kamwe asiwe mchungaji peke yake, maana atakayemkatalia atakuwa ni mtu anayepaswa kumhubiria Jumapili. Inapowezekana lipeni moja kwa moja hospitali, shule au mwenye nyumba. Mkutanoni itajwe jumla na idadi ya waliosaidiwa. Majina yasitajwe kabisa. Niliwahi kumwona mama akisikia jina lake likisomwa kwenye taarifa ya mwaka kama “mhitaji namba 4”. Alitoka kimya kimya katikati ya wimbo wa kufungia, hakurudi.

Kuhusu fedha za nje, Wabaptisti tuna historia ya kutopenda serikali ishike kamba ya kanisa, nasi tusishike ya serikali. Hilo halina maana kwamba msishirikiane na mamlaka katika chanjo, maafa au elimu. Lakini soma masharti mara mbili. Ukikuta mtoa fedha ndiye atakayeamua nani ahudumiwe au mchungaji aseme nini, mshukuru, mrudishie. Mwanasiasa anayetaka dakika tano za mimbari baada ya kutoa mchango ajibiwe vivyo hivyo, kabla hajakaa. Na mfadhili yeyote mwulizeni tangu siku ya kwanza: msaada huu unaisha lini? Pangeni kana kwamba utaisha miezi sita kabla ya siku hiyo.

Hatua ya 6: Ulinzi wa watoto na wanyonge

Kanuni hizi hazina mjadala, na hazimhusu tu mgeni. Zinamhusu mchungaji na shemasi wa miaka thelathini.

Hakuna mtu mzima mmoja peke yake na mtoto katika chumba kilichofungwa. Watu wazima wawili kila wakati, wasio mume na mke, mlango wazi au wenye kioo. Asiyejulikana kanisani kwa angalau miezi sita asipewe kazi ya watoto, na hata anayejulikana aulizwe alikotoka. Mtoto aandikwe anapoingia na anapotoka, na akabidhiwe kwa aliyemleta. Anayesindikizwa chooni asindikizwe kwa utaratibu uliokubaliwa. Kutembelea nyumba ni wawili wawili. Picha ya mtoto, ya mgonjwa au ya mtu anayepokea msaada haipigwi bila ruhusa. Kwa maoni yangu, picha ya anayepokea msaada haipigwi kabisa.

Mtoto akisema ametendewa vibaya, sikilizeni, msimhoji mara kumi, andikeni maneno yake, na toeni taarifa kwa mamlaka husika siku hiyo. Kosa la jinai haliamuliwi na mashemasi wala halipigiwi kura. “Tulimalize kifamilia” ni sentensi iliyowaangamiza watoto wengi makanisani. Wahudumu wote wasomewe kanuni hizi kila mwaka na watie saini.

Hatua ya 7: Neno na mkono

Swali litakuja: je, tuhubiri wakati wa kugawa msaada? Ndugu zetu wengine wataona huduma isiyo na mahubiri ni kazi ya bure. Wengine wataona aibu hata kutaja jina la Yesu. Mimi nasema hivi: msijifiche, na msiuze.

Msijifiche, maana yake bango la kanisa liwepo, mhudumu akiulizwa kwa nini anafanya hivi ajibu kwa furaha na bila kuzungusha maneno, na mwenye kutaka maombi aombewe. Msiuze, maana yake mtu asilazimike kusikiliza hubiri ili apate kikapu, asiandikwe kwenye orodha ya “waliookoka” kwa kuwa alikuwa na njaa, na msaada usikome kwa kuwa hakuja Jumapili. Swali zuri ni “Ungependa tukuombee?”, na jibu la “hapana, asante” lipokelewe kwa uso ule ule.

Huu ndio Ubaptisti wenyewe. Mwaka 1612 Thomas Helwys, Mwingereza aliyekuwa amekimbilia Amsterdam na mmoja wa waanzilishi wetu, alichapisha kitabu kinachosema kwamba mfalme hana mamlaka juu ya dhamiri ya mtu, awe Mkristo wa namna yoyote, Mwislamu au Myahudi, naye akarudi kwao. Kwa maneno hayo alitupwa gerezani Newgate, akafia humo. Sisi tunaobatiza wanaoamini tu, kwa hiari yao, tutawezaje kumvuta mtu majini kwa mfuko wa unga?

Anayeomba ubatizo kutoka kwa tunaowahudumia apitie njia ile ile ya wengine: mafundisho, mazungumzo na mchungaji, ushuhuda mbele ya kanisa, kupokelewa. Kama ni mtoto, wazazi wahusishwe tangu mwanzo. Msiharakishe kwa sababu mfadhili anataka hesabu.

Siku ya ubatizo yenyewe, ajabu, ndiyo huleta majirani wengi kuliko mkutano wowote wa injili, kwa sababu ndugu wa mbatizwa huja hata kama hawaingii kanisani siku nyingine. Iandaeni vizuri. Maji yafike kiunoni au juu kidogo. Vazi liwe zito, lisiloelea wala kuonyesha mwili. Mbatizwa afundishwe siku moja kabla: akunje magoti, mchungaji mkono mmoja mgongoni, mwingine wenye kitambaa karibu na pua. Mtu wa pili asimame ukingoni, na taulo ziwe nyingi kuliko wabatizwa. Maikrofoni na waya zozote za umeme zikae mbali na maji. Mwaka 2005 mchungaji wa Kibaptisti huko Waco, Texas, alikufa kwa kupigwa na umeme aliposhika maikrofoni akiwa ndani ya kisima cha ubatizo. Baada ya ibada, mbatizwa apewe muda wa kukaa na ndugu zake. Wana maswali mengi kuliko mlivyodhani, na yeye anajibu vizuri kuliko mchungaji.

Hatua ya 8: Majaribio, kudumu, kufunga

Anzeni kwa majuma kumi na mawili, bila uzinduzi, bila fulana, bila mgeni rasmi. Siku ya huduma iwe na mpangilio unaojirudia. Kwa mfano, huduma ya watoto wa shule: wahudumu wafike nusu saa kabla, waombe dakika tano (tano kweli), wagawane kazi, mmoja akae mlangoni na rejesta. Watoto wakishaondoka, kila mtu akae tena dakika kumi: nini kimeenda sawa, mtoto gani hakuonekana, nani ataenda kuuliza. Dakika hizo kumi ndizo zinazotofautisha huduma na shughuli. Andikeni kwenye daftari, si kwenye simu ya mtu mmoja.

Zamu ndiyo siri ya kudumu. Kila mhudumu awe na wiki yake ya kupumzika inayojulikana, asiombe radhi kwa kuichukua. Kumbukeni Montgomery, Alabama, huko Marekani, ambako watu weusi walisusia mabasi kwa siku 381 kupinga ubaguzi wa rangi, tangu Desemba 1955, kiongozi wao akiwa Martin Luther King, mchungaji kijana wa kanisa la Kibaptisti la Dexter Avenue. Hotuba ndizo zinazokumbukwa. Lakini watu walifika kazini kila asubuhi kwa sababu palikuwa na vituo vya kuchukulia abiria, madereva wa zamu, na magari yaliyoandikishwa kwa majina ya makanisa. Ari pekee isingefika Januari.

Kiongozi wa huduma awe na msaidizi tangu siku ya kwanza, na mara moja kwa mwezi msaidizi aongoze kiongozi akiwa hayupo. Namaanisha hayupo kabisa, asikae nyuma akikohoa.

Majuma kumi na mawili yakiisha, rudini mkutanoni na karatasi ile ile ya ukurasa mmoja. Semeni mlihudumia wangapi, waliorudi ni wangapi, fedha ilikwenda wapi, kosa gani lilitokea. Msihesabu waliojiunga na kanisa kama kipimo cha huduma; wakiwepo, furahini, waandikeni kwenye taarifa ya mchungaji. Waalikeni wawili watatu kati ya wanaohudumiwa, kama wanapenda, waseme wenyewe kilichowafaa na kisichowafaa. Kisha washirika waamue: kuendelea, kubadili, au kufunga.

Kufunga si dhambi. Shida huisha, shule hufungua mpango wake, wahudumu huzeeka. Dhambi ni kuacha mlango ujifunge wenyewe, watoto wakija Jumatano wakute kufuli. Kura ikipita, wajulisheni wanaohudumiwa miezi miwili kabla, ana kwa ana, na kila mmoja aelekezwe mahali pengine pa kwenda, mkimpeleka kwa mkono inapobidi. Vifaa vikabidhiwe kwa orodha. Siku ya mwisho fanyeni kama siku nyingine zote: rejesta isainiwe, vikombe vioshwe, madirisha yafungwe, funguo zirudi kwa shemasi wa zamu, na daftari akabidhiwe katibu, tarehe iandikwe, likae kabatini pamoja na kumbukumbu za mkutano ulioipigia kura huduma ile.